Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: mstari mmoja kwenye karatasi ya baba

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na waganga wafawidhi wote wa hospitali za jiji hili.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Mbagala. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikaa kwenye kibaraza cha duka Kariakoo akishona suti, kanzu na sare za shule, sigara ikiungua pembeni. Alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, akiwa na miaka 71, kwa kupasuka mshipa mkuu wa damu tumboni, unaoitwa aota. Siwaandikii ili nitafute wa kumfunga. Hospitali mbili alizopitia sizitaji, na wengi wa waliomhudumia siku ile walikimbia kadiri walivyoweza. Nawaandikia kwa sababu alianguka saa kumi na moja alfajiri, akakata roho saa nane mchana. Hapo katikati muda ulikuwepo, ukaliwa na mambo ambayo ninyi mnaweza kuyaondoa.

Baba alikuwa mwembamba. Miezi yake ya mwisho, akilala chali kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, shuka lililomfunika lilikuwa likipanda na kushuka pale kitovuni, kwa mapigo. Wajukuu walipenda kuweka viganja vyao pale. Yeye alisema tumbo lake lina moyo wake. Mimi nilikuwa napita na sahani, naona, naendelea na kazi zangu.

Baada ya arobaini nilikaa kupanga makaratasi yake. Chini ya godoro, pamoja na hati ya kiwanja, kulikuwa na bahasha ya kaki yenye majibu ya altrasaundi aliyopigwa miezi minane kabla ya kifo chake. Alipigwa kwa ajili ya tezi dume. Ni ukurasa mmoja, wa Kiingereza. Mistari ya juu inaeleza tezi na kibofu. Chini kabisa, juu ya sahihi, kuna mstari mmoja unaosema kwamba aota ya tumbo imetanuka, upana wake sentimita 6.1, mgonjwa afuatiliwe.

Hakuna aliyetusomea mstari ule. Aliyeagiza kipimo aliulizia tezi, akajibiwa habari za tezi, akaandika dawa za tezi. Baba akarudisha karatasi kwenye bahasha. Nimeisoma karatasi hiyo mara nyingi mno, na kila mara naanza kwa kuusoma mstari ule wa mwisho.

Aota ni mshipa unaotoka moyoni, unashuka kifuani hadi tumboni, kisha unagawanyika kwenda miguuni. Pale tumboni, kwa mtu mzima, upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika 3 unahesabiwa kuwa umevimba, na madaktari wanauita anurizimu. Ukifika 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, mgonjwa hushauriwa atengenezwe kabla haujapasuka. Unaonekana zaidi kwa wanaume waliovuka miaka 65, kwa wavutaji wa sigara, wenye presha, na wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuupata. Kwa kawaida hauumi mpaka siku ya kupasuka, na ukipasuka, takriban wanane kati ya kila kumi hufa, wengi kabla ya kufika hospitali. Albert Einstein alikufa nao mwaka 1955. Miaka saba kabla, daktari alikuwa ameuzungushia selofani ili uwe mgumu, kwa kuwa wakati ule hakukuwa na njia bora zaidi. Baba yangu alikufa wakati ambapo njia bora ina zaidi ya miaka 30.

Alhamisi ile aliamka kwa swala ya alfajiri. Alikuwa akichukua udhu bombani, uani, tuliposikia ndoo imeanguka. Tulimkuta ameshika kiuno upande wa kushoto, jasho linamtiririka, akisema maumivu yametokea mgongoni yakashukia kinenani. Akazimia kidogo, akazinduka. Jirani akawasha bajaji, tukaingia Barabara ya Kilwa kabla hakujapambazuka.

Hospitali ya kwanza walimpima malaria, mkojo na presha. Presha ilikuwa 80 kwa 50. Wakasema ni mawe kwenye figo. Wakampiga sindano ya maumivu, wakamtundikia dripu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikikimbia. Presha ikapanda, nasi tukamshukuru Mungu. Nusu saa baadaye ikashuka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Baadaye nimekuja kujifunza, kwa kusoma na kwa kuwauliza madaktari wa upasuaji wenye moyo wa kumfafanulia mwalimu, kwamba mshipa huu ukipasukia nyuma, upande wa mgongo, nyama za pale na donge la damu huziba tundu kwa muda. Muda huo ndio riziki ya mgonjwa. Ukimjaza maji ili presha ipande, unalisukuma donge litoke. Ndiyo maana wenzetu waliozoea kazi hii humwacha mgonjwa mwenye fahamu, namba ya juu ya presha yake ikibaki kati ya 70 na 90, mpaka afike mikononi mwa mpasuaji. Na maumivu ya kiuno yanayoanza ghafla kwa mzee wa miaka 71, pamoja na kuzimia, hayapaswi kuitwa mawe ya figo kabla aota haijaangaliwa.

Saa mbili asubuhi zamu ikabadilika. Akaingia daktari kijana, wa kike. Akaweka mkono juu ya tumbo la baba, akanyamaza. Akageuka, akavuta altrasaundi ndogo ya magurudumu iliyokuwa imesimama ukutani, imefunikwa kitambaa cha kijani. Kutoka kitandani kwa baba ni hatua nne. Hazikupita dakika mbili akaniambia, "Dada, hii ni aota, na kuna damu pembeni." Mashine ile ilikuwa imesimama pale tangu tulipoingia.

Yaliyofuata mnayajua, maana ndiyo ya kila siku. Karatasi ya rufaa ilisubiri sahihi. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito, na la pili lilisubiri mtu wa kuidhinisha mafuta. Tuliondoka saa nne na nusu. Hospitali ya pili hawakuwa na habari kwamba tunakuja. Dirishani tukaambiwa tulipie kwanza kipimo cha CT. Namba ya malipo ikagoma, mtandao uko chini. Kaka yangu akakimbilia kwa wakala, akarudi na pesa taslimu, akaambiwa taslimu hawapokei. CT ikafanyika saa sita. Daktari bingwa alikuja mbio, akaangalia picha, akasema mshipa wa mzee kwa umbo lake unafaa kabisa kuwekewa stenti, ila kifaa cha saizi yake hakipo, na kukiagiza nje ni wiki kadhaa. Wakaanza kuandaa upasuaji wa kufungua tumbo. Zilihitajika chupa sita za damu, zilikuwepo mbili. Tukaambiwa tutafute ndugu wa kuchangia. Nilikuwa kwenye kile kiti cha kuchangia damu, sindano mkononi, mdogo wangu alipokuja kuniambia.

Waheshimiwa, naomba niwaeleze kifaa hicho kwa lugha ambayo baba angeielewa mara moja, kwa sababu ni kazi ya kushona. Ni kitambaa cha polyester kilichofumwa kama bomba, kikashonewa pete za chuma cha nitinoli, ambacho hukunjwa kikakubali na ukikiachia hurudia umbo lake. Kimekatwa kama suruali, kiuno kimoja na miguu miwili, kwa sababu aota yenyewe hugawanyika hivyo pale chini. Hukunjwa ndani ya mrija usiozidi sana unene wa penseli, ukapitishwa kinenani kwenye mshipa wa paja, ukapandishwa huku daktari akiutazama kwenye skrini ya eksirei. Ukifika juu ya pale palipopasuka, kitambaa huachiwa, pete zikafunguka na kushika sehemu ya mshipa isiyoharibika. Damu inapita ndani ya kitambaa, na palipochanika panapumzika. Inawezekana kufanyika kwa ganzi ya kinenani tu, mgonjwa akiwa macho, bila nusu kaputi. Vitambaa vya kwanza vya namna hii, kabla ya stenti, Michael DeBakey wa Houston alivishona miaka ya 1950 kwa cherehani ya mke wake, kwa polyester aliyoinunua dukani. Polyester ndiyo nguo baba aliyoikata maisha yake yote.

Na kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1987 Nikolay Volodos aliweka stenti yenye kitambaa kwenye aota ya kifuani huko Kharkiv, Ukraine, kwa kifaa walichokitengeneza wenyewe. Mwaka 1990 Juan Parodi akaweka ya tumboni Buenos Aires, Argentina. Kufikia 1994, Nottingham nchini Uingereza, waliitumia kwa mgonjwa ambaye mshipa wake ulikuwa umeshapasuka.

Sitawaambia kwamba stenti ni muujiza. Utafiti mkubwa kuliko yote wa kuwapangia kwa kura wagonjwa wa aota zilizopasuka njia moja kati ya hizi mbili ulifanyika katika hospitali 30, karibu zote za Uingereza na moja ya Kanada, kwa wagonjwa 613. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 35 ya waliopangiwa njia ya stenti, na asilimia 37 ya waliopangiwa kufunguliwa tumbo. Tofauti hiyo ni ndogo. Baada ya miaka mitatu ilikuwa imekua: asilimia 48 kwa 56. Waliowekewa kwa ganzi ya sehemu walipona zaidi kuliko waliolazwa kwa nusu kaputi, na waliowekewa stenti walirudi nyumbani mapema zaidi. Lakini mimi nilipousoma nilisimama kwenye jambo lingine. Kwa njia yoyote ile kati ya hizo mbili, karibu wawili kati ya watatu walikuwa hai baada ya mwezi. Wengi wao walikuwa watu wa mshipa uliopasuka, kama baba. Walichokuwa nacho ni hospitali ambayo, saa yoyote ya usiku au mchana, ilijua mgonjwa yuko njiani, ina CT inayofanya kazi, ina damu, ina timu, na ina suruali zile za polyester kwenye rafu.

Sisi mikono tunayo. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya dharura tangu 2010, na vijana waliosomea pale wamesambaa nchi nzima. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inapitisha mirija kwenye mishipa ya watu kila wiki. Tangu 2018 madaktari wetu wanafundishwa tiba radiolojia, yaani kutibu ndani ya mwili kwa mirija inayoongozwa na picha, hapo hapo Muhimbili, hawahitaji tena kwenda kuitafuta ng'ambo. Ninachokiomba ni utaratibu wa kuiunganisha mikono hiyo na mzee aliyeanguka uani kwake Mbagala.

Kwanza altrasaundi. Toeni agizo kwamba kila mtu aliyevuka miaka 60 akiingia dharura na maumivu ya ghafla ya tumbo, mgongo au kiuno, na hasa akiwa amezimia au presha imeshuka, aota yake ipimwe kabla hajaandikiwa kitu kingine. Si lazima daktari wa radiolojia. Daktari wa zamu aliyefundishwa vizuri anaweza, kama yule binti alivyoweza. Mtaniambia wagonjwa wa aota ni wachache, na kwamba tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna akina mama wanaojifungua. Ni kweli. Lakini kidude kile kile cha altrasaundi, mkono ule ule, ndicho kinachomwona dada mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka, na kijana wa bodaboda aliyepasuka bandama. Wote watatu wanavujia damu ndani na wote watatu wanaambiwa wasubiri majibu ya malaria.

Na wale wanaopimwa tezi dume! Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili halina gharama. Uingereza waliwachunguza wanaume 67,800 wa miaka 65 hadi 74. Waliokaribishwa kupigwa altrasaundi ya aota, vifo vyao vya mshipa huu vilipungua kwa asilimia 42 ndani ya miaka minne. Tangu 2009 nchi hiyo ilianza kumwita kila mwanamume anapofika miaka 65 akapimwe mara moja. Siwaombi mumwite kila mzee wa Dar es Salaam. Nasema wazee wetu tayari wamelala kitandani, shati limepandishwa, jeli imeshapakwa, kwa ajili ya tezi. Aota iko juu zaidi, kwenye tumbo hilo hilo. Sogezeni mkono, pimeni, andikeni namba. Na namba ikizidi 5, aliyeiona apige simu kwa daktari aliyeagiza, na mgonjwa aambiwe kwa Kiswahili, mbele ya mtu wake, kwamba ana mshipa unaoweza kupasuka na tarehe yake ya kurudi ni fulani. Mstari wa mwisho wa ukurasa si mahali pa kuweka habari ya namna hiyo.

Kuhusu rafu. Stenti moja ni mamilioni mengi ya shilingi, na saizi zinatofautiana, kwa hiyo naelewa kwa nini hospitali haitaki kununua kumi zikae zikisubiri hadi muda wake wa matumizi uishe. Lakini hospitali za nje nyingi hazinunui. Kampuni huweka seti ya saizi mbalimbali kwenye stoo ya hospitali, na hulipwa ile iliyotumika tu. Kariakoo biashara hiyo tunaijua, ni mali kauli. Baba alichukua majora ya vitambaa kwa mali kauli miaka yote, kwa neno tu na daftari la kurasa themanini. Bohari ya Dawa ina uwezo wa kuingia mkataba wa namna hiyo kwa ajili ya hospitali moja tu ya jiji hili. Moja inatosha kuanzia. Kitu kinachookoa mtu ndani ya saa chache hakiwezi kuagizwa baada ya mtu kuanguka.

Hiyo moja mtuambie ni ipi. Iwe na simu inayopokelewa usiku, na hospitali zote za mkoa zijue kwamba ukiona aota unapiga pale kwanza, kabla ya kuandika karatasi. Kwa akina mama tumeweza. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115, unatafuta gari na kuiarifu hospitali inayompokea mama. Nauona ukifanya kazi hapa mtaani kwetu, na naona fahari. Njia ile ile ipanuliwe kidogo. Na mgonjwa wa mshipa uliopasuka akifika, CT ifanyike, pesa ifuate. Tutalipa. Tungeuza cherehani. Katika mafao ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, matibabu ya aota yaandikwe humo kwa jina lake, ya stenti na ya kufungua tumbo, pamoja na CT za kumfuatilia aliyewekewa, kwa sababu stenti huweza kuvuja pembeni baada ya miaka na isipoangaliwa kazi yote inaharibika.

Yule daktari kijana alikuja msibani. Alikaa na wanawake kwenye jamvi, hakusema mengi. Aliponiaga alinishauri ndugu wa baba na watoto wake wa kiume wakapimwe. Tumekwenda. Kaka yangu yuko salama. Baba mdogo, mwenye miaka 66, ana sentimita 4.2. Ameacha sigara na dawa za presha anameza mbele yangu. Kwa kiwango hicho haguswi, anarudiwa kupimwa baada ya mwaka, na kipimo chake kijacho ni mwezi wa tano. Anakaa Tandika, kwenye nyumba ya uani, peke yake na mjukuu wa miaka kumi na miwili. Mjukuu huyo ameniuliza usiku babu akishika mgongo akimbilie wapi, ampigie nani. Nimemwambia anipigie mimi. Naomba mnipe jibu la kumpa kabla ya mwezi wa tano.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Binti wa marehemu fundi,
Mbagala, Dar es Salaam